Upinde juu ya pengo: kisa cha alaina zilizojikunja wakati wa kurudisha nyuma meno ya mbele

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya mwenyewe. Umri kamili, makazi na baadhi ya mambo ya kazi yake yameondolewa au kubadilishwa ili asitambulike, na kliniki haitajwi. Nimekiandikia madaktari wa meno na mafundi wa maabara wanaoanza kutumia alaina, yaani zile trei angavu za plastiki zinazovaliwa juu ya meno na kubadilishwa moja baada ya nyingine mpaka meno yafike yanapotakiwa. Lakini hata asiye daktari anayefikiria kuvaa alaina atafaidika akisoma, kwa sababu sehemu kubwa ya kosa letu ilikuwa kutomsikiliza aliyezivaa.

## Usuli

Nitamwita Dada N. Alikuja akiwa na umri kati ya miaka 25 na 30, mfanyabiashara wa samaki katika mmoja wa mialo ya Ziwa Victoria. Kuja Mwanza mjini kulimlazimu apande kivuko, kisha daladala, na siku hiyo mzigo wake akauachia watu wengine wauze. Nalitaja hili mapema kwa kuwa ndilo lililotufanya tupange miadi ya mbali, na miadi hiyo ilichangia kilichotokea.

Meno yake ya juu ya mbele yalitangulia ya chini kwa milimita 9. Midomo haikufunga mpaka ajilazimishe, na alisema akicheka hutia mkono mdomoni. Picha ya mionzi ya ubavuni ilionyesha kato za juu, yaani yale meno manne ya mbele, zimelalia mbele kwa nyuzi 118 zikipimwa na sakafu ya kaakaa. Kwetu tungependa ziwe karibu na 110. Fizi zilikuwa nzima, na meno ya chini yalikuwa yamepangika vya kutosha tusiyaguse.

Kulikuwa na mambo mawili zaidi. La kwanza, alikulia upande wa Shinyanga ambako visima vingi vina floraidi nyingi, na meno yake yalikuwa na madoa meupe na ya kahawia tunayoyajua sana Kanda ya Ziwa. La pili, alikuwa na mwanya wa milimita 1.5 katikati ya meno mawili ya mbele, na aliniambia wazi, "Daktari, yarudishe nyuma, lakini mwanya wangu uniachie. Ni wa mama." Niliandika ombi hilo kwa wino mwekundu juu ya faili. Hata hivyo mpango wa kwanza uliporudi kutoka kwa mafundi, kwenye skrini mwanya ulikuwa umezibwa. Tuliurudisha mpango kwa mafundi, wakaurekebisha. Wakati ule niliona ni jambo dogo. Lilipaswa kunishtua kwamba skrini huonyesha anachotaka aliyeipanga, na kinywa kina mambo yake.

Waya wa kupangia meno, ule unaogandishwa juu yake, hakuutaka. Kazi yake ni kuzungumza na kupatana bei tangu alfajiri, na aliogopa pia waya ukichomoka uanze kumchoma shavu akiwa ng'ambo ya maji. Hofu hiyo ilikuwa ya haki kabisa.

## Mpango wa kwanza na sababu zake

Tuliamua kung'oa magego madogo ya kwanza ya juu, yale yanayofuata chonge, moja kila upande. Kila pengo lilikuwa na upana wa kama milimita 7. Tulikusudia meno sita ya mbele, yaani kato nne na chonge mbili, yarudi nyuma milimita 5, na milimita 2 zilizobaki zizibwe na magego yakisogea mbele.

Meno sita yangerudi kwa pamoja, kama kundi. Njia nyingine ni kurudisha chonge kwanza, kisha kato zifuate. Tulichagua kundi kwa sababu tatu: alaina zinakuwa chache, gharama inapungua, na hakuna kipindi ambacho mgonjwa anabaki na pengo la ziada kando ya meno ya mbele. Kwa hatua ya kawaida ya robo milimita kwa kila alaina, milimita 5 ni alaina 20. Tukaongeza 4 za kumalizia, jumla 24. Kila moja ingevaliwa wiki mbili, kwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Hesabu ilitupa miezi 11, na tulimwambia "mwaka mmoja hivi".

Vinundu vya kompositi (ule mchanganyiko wa rangi ya jino unaotumika kuzibia meno), vile tunavyogandisha juu ya jino ili plastiki ipate pa kushika, tuliweka vidogo vinne tu: kimoja kwenye kila chonge, na kimoja kwenye kila gego dogo lililobaki. Kingo za alaina zilikatwa zikifuata mzunguko wa fizi. Miadi ilikuwa kila baada ya wiki 8 kwa sababu ya safari yake.

Daktari wa kupanga meno atakayesoma aya hizi ataona tayari panapovuja.

## Yaliyotokea

Alaina nne za kwanza zilikwenda vizuri. Alipata shida ya kutamka "s" kwa siku chache, ikaisha. Kwenye miadi ya kwanza plastiki ilikaa juu ya meno kama ngozi.

Kwenye miadi ya pili, akiwa na alaina ya 8, niliona nafasi ndogo ya mwanga kati ya ncha ya kato za pembeni na plastiki. Kato za pembeni za juu ni ndogo na huponyoka haraka, kwa hiyo nilifanya linalofanywa na wengi: nikampa vipande vya raba vya kung'ata ili alaina ikae, nikamsisitizia saa, nikamruhusu aendelee. Kinundu cha chonge ya kulia kilikuwa kimebanduka. Nikakirudisha.

Miadi ya tatu ndiyo ninayoikumbuka kwa uchungu. Alikuwa na alaina ya 12. Nafasi kwenye kato za pembeni ilikuwa imefika milimita 1. Meno ya juu yalikuwa yanafunika ya chini kwa milimita 5, wakati tulianza na 3. Magego madogo yaliyobaki hayakugusana tena na wenzao wa chini, na akauma karatasi ya rangi tukaona alama nyuma tu na mbele tu. Alipoitoa alaina na kuiweka mkononi mwangu, niliona haikunyooka. Ilikuwa na mbonyeo.

Nilimwambia, mbele ya muuguzi, kwamba plastiki imekutana na joto. Nikamuuliza kuhusu chai. Nikamuuliza kama huiacha juani kwenye ndoo au kwenye dirisha la gari, au kama huiosha kwa maji ya moto. Akajibu, "Daktari, mimi hata maji ya uvuguvugu navua kwanza." Nikasema, kwa sauti ya mtu ambaye hakusadiki, kwamba plastiki haijikunji yenyewe. Nikamwagiza abaki na ya 12 wiki mbili zaidi.

Baada ya wiki mbili alirudi na shangazi yake. Shangazi alisalimia vizuri, akakaa, akatoa mkobani daftari la mauzo. Upande wa nyuma wa daftari, tangu alaina ya 3, Dada N. alikuwa ameandika kila siku saa aliyovua na saa aliyovaa: "saa 1:10 nimevua, chai, 1:35 nimevaa". Ukurasa kwa ukurasa. Tulijumlisha wiki tatu zozote tulizozifungua. Wastani ulikuwa zaidi ya saa 21 kwa siku. Kisha shangazi akatoa mfuko wenye alaina zote za zamani, kila moja kwenye kifuko chake chenye namba, kwa sababu binti aliona si sawa kutupa kitu alichokilipia kwa awamu. "Sasa mwanangu," akaniambia, "hebu tuonyeshe hiyo iliyokunywa chai."

Nilizipanga juu ya kioo cha meza, upande wa kutafunia ukiwa chini. Ya 13 haikuwa imevaliwa kabisa, nikaiweka pembeni yake. Ya 13 ilitulia. Ya 5 na ya 6 zilikaribia kutulia. Kuanzia ya 7 zilikuwa zinacheza, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo zilivyocheza zaidi. Alaina mbili zinazofuatana hutofautiana kwa robo milimita tu kwa jino, kwa hiyo tofauti niliyoiona kati ya ya 12 na ya 13 haikutoka kwenye mpango. Na zote zilikuwa zimejikunja mahali pamoja: juu ya pengo la jino lililong'olewa, kulia na kushoto sawasawa, kwa mkunjo laini.

Chai haikunji namna hiyo. Alaina nyingi za aina ile hutengenezwa kwa plastiki inayoanza kulainika ikifika karibu nyuzi joto 80, na ikikutana na maji yaliyotoka kuchemka hulegea pale yalipogusa: ukingo hujiviringa, ukuta husinyaa, upande mmoja huharibika zaidi ya mwingine, na alaina inayofuata haina sababu ya kuharibika papo hapo tena. Hapa tulikuwa na alaina sita zenye mkunjo uleule pande zote mbili.

Nilimwomba radhi palepale, mbele ya muuguzi yuleyule aliyesikia nikimlaumu.

Kisha nikamvisha ya 13 na kumpiga picha za ubavuni. Plastiki ambayo dakika moja kabla ilitulia juu ya kioo, ndani ya kinywa ilikuwa imejipinda juu ya pengo, na ukingo wake karibu na fizi ya chonge umeachana na jino. Kwa hiyo ilikuwa inajikunja tangu dakika ya kwanza ya kuvaliwa. Wiki mbili za kuvaa kila alaina ziliugandisha tu mkunjo huo.

## Kwa nini plastiki ilijikunja

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndicho kiini cha kisa.

Alaina husukuma jino kwa sababu umbo lake halilingani na meno yalivyo sasa. Linalingana na meno yatakavyokuwa. Ukiivaa, plastiki inalazimika kutanuka na kupinda ili ipite, na katika kutaka kurudi kwenye umbo lake inalivuta jino. Maana yake kujikunja kwa alaina si hitilafu, ndiyo kazi yenyewe. Swali ni kama inajikunja pale tunapotaka na kwa kiasi tunachotaka.

Karatasi ya plastiki inayotumika sana ina unene wa milimita 0.75 kabla ya kupashwa joto na kunyonywa juu ya kielelezo cha meno. Ikishanyooshwa hupungua unene, hasa kwenye kuta za meno marefu ya mbele. Juu ya jino, plastiki hii ina nguvu kwa sababu imelizunguka kama kofia. Juu ya pengo haina cha kuzunguka. Inabaki daraja jembamba linalounganisha kofia za mbele na kofia za nyuma, na ni daraja hilo ndilo linalobeba mvuto wote.

Chukua kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye nguzo mbili, kila nguzo ikiwa imefukiwa ardhini. Ukiikaza kamba kwa juu, nguzo hazitelezi kusogeleana zikiwa wima. Vichwa vyake huinamiana, miguu ikibaki palepale. Meno nayo yamefukiwa mfupani, na alaina inavuta kwenye taji, mbali na katikati ya mzizi. Kato zikavutwa nyuma zikalala: ncha zikaenda nyuma na chini, mizizi ikabaki mbele. Ndiyo maana meno ya juu yalizidi kufunika ya chini. Magego madogo nayo yakainamia mbele kuelekea pengo, ncha zake zikaachana na meno ya chini. Alaina ikafuata miinamo hiyo pande zote mbili, ikawa upinde.

Ili jino lirudi nyuma likiwa wima, plastiki ingepaswa kushika taji na wakati huohuo kuusukuma mzizi kwa kubana karibu na fizi. Lakini ukingo wa alaina kwenye fizi ndio sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Bonyeza mdomo wa kikombe cha plastiki nyembamba utaona unavyofunguka, ilhali chini karibu na kitako kigumu haukubali kirahisi. Ukingo ukikatwa kwa kufuata fizi unafunguka zaidi. Ukikatwa moja kwa moja, milimita kama 2 juu ya mstari wa fizi, hushika vizuri zaidi. Sisi tulikuwa na ukingo dhaifu, vinundu vidogo vinne, na pengo la milimita 7 kila upande.

Kisha kuna kuchoka kwa plastiki. Ikikaa imenyooshwa, nguvu yake hushuka haraka katika saa za mwanzo, halafu polepole. Joto la kinywa na mate huzidisha ulaini huo. Alaina inayovaliwa wiki mbili hufanya sehemu kubwa ya kazi yake siku za mwanzo, na baadaye inabaki inalishikilia jino katika mkao uliopatikana, hata kama mkao huo ni wa kulala.

Kilichotudanganya kwa miezi ni kwamba taji zilikuwa karibu na mpango. Baada ya alaina 12 zilipaswa kurudi milimita 3, zikarudi 2.5. Nikipima kwa rula nilikuwa naona mafanikio. Picha mpya ya mionzi ndiyo iliyosema kweli: kato zilikuwa zimefika nyuzi 110, wakati mpango uliruhusu 115 katika hatua ile. Mwinamo wote tuliotaka kuutumia kwa safari nzima ulikuwa umekwisha njiani, na nusu ya safari bado.

## Maamuzi ya pili

Nilimpigia mwenzangu, mtaalamu wa kupanga meno aliyeko Dar es Salaam, nikamtumia picha zote, pamoja na za alaina juu ya kioo. Tulikuwa na njia tatu.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea na alaina 12 zilizobaki na kurekebisha mwishoni. Tuliikataa mara moja. Kila alaina mpya ingeongeza upinde.

Ya pili ilikuwa kuhamia kwenye waya siku ileile. Kwa ufundi mtupu hii ndiyo ilikuwa njia fupi, kwa sababu waya mgumu uliopita ndani ya brasi, vile vishikizo vidogo vinavyogandishwa juu ya meno, hushika jino kwa pande zote na unaweza kuusimamisha mzizi. Mwenzangu aliipendelea. Dada N. aliikataa, na tulikuwa hatuna uso wa kumlazimisha.

Ya tatu ilikuwa kupanga upya kwa alaina zenye muundo tofauti, tukikubaliana kimaandishi kwamba mwisho wake huenda ukahitaji waya wa miezi michache. Tukaichagua hii. Tulijaribu kumrudisha kwenye alaina ya 6, iliyokuwa ya mwisho kukaa vizuri. Haikuingia kabisa, tukamvisha ya 8 ili kushikilia meno hadi alaina mpya zifike wiki 6 baadaye.

Mabadiliko yalikuwa haya. Tuliacha kuvuta kundi: alaina 10 za kwanza hazikurudisha jino lolote, kazi yake ilikuwa kusimamisha mizizi na kupandisha kato juu. Kisha chonge peke yake, kisha kato nne. Vinundu vilifanywa virefu vya wima, vyenye pembe, kwenye chonge, magego madogo na magego ya kwanza, ili plastiki ikamate mbele na nyuma ya pengo kama mikono miwili. Kingo zikakatwa moja kwa moja juu ya fizi. Mpango wenyewe ukapindishwa makusudi upande wa pili: kwenye skrini kato zilionekana zimechomoza mizizi nyuma kupita kiasi, na magego yameegemea nyuma. Anayetazama skrini hiyo bila maelezo angedhani tumekosea. Tulikuwa tunaulipa upinde kabla haujatudai.

Tuliongeza pia skrubu ndogo ya mfupani kila upande, juu kati ya gego dogo na gego la kwanza, na raba kutoka kwenye skrubu hadi kwenye ndoana iliyokatwa kwenye alaina mbele ya chonge. Skrubu iko juu kuliko taji, kwa hiyo raba huvuta nyuma na juu kwa pamoja, na magego hayabebeshwi mzigo wa kuvuta meno ya mbele.

Hatimaye, miadi. Alaina zilikuwa 30, za siku 10 kila moja, na hatukuweza kumsafirisha kila mara. Tulikubaliana anapobadilisha alaina atume picha tatu kwa WhatsApp: mbele, kulia, kushoto, akivuta shavu kwa kitako cha kijiko cha chai. Muuguzi wetu ndiye aliyebuni kijiko, na kilifanya kazi kuliko vifaa nilivyotaka kununua.

## Matokeo

Haikuwa safari laini. Skrubu ya kushoto ililegea wiki ya tatu, tukaitoa na kuiweka upya jirani. Vinundu vilibanduka mara nyingi, na hapa floraidi ilijitokeza. Gamba la jino lenye madoa hayo halichimbiki vizuri na asidi tunayopaka kabla ya kugandisha, kwa hiyo kompositi haipati pa kujishikiza. Tulianza kukwaruza kidogo uso wa jino kwanza na kuacha asidi muda mrefu zaidi. Baada ya hapo kilibanduka kimoja tu. Nilijua habari ya floraidi tangu siku ya kwanza na sikuiunganisha na vinundu. Kwa mkazi wa kanda hii lilikuwa jambo la kuanzia.

Picha za kijiko zilituonyesha upinde mwepesi ukianza upande wa kushoto kwenye alaina ya 17 ya mpango mpya, wakati chonge zikirudi. Safari hii tulisimama siku hiyohiyo. Alivaa ya 17 kwa siku 10 zaidi huku tukiangalia raba, tukakuta ndoana ya kushoto imechanika. Ilibadilishwa, akaendelea.

Mwisho wa alaina 30, pengo la kulia lilikuwa limeziba na la kushoto lilibaki milimita 1. Kato zilikuwa zimesimama, lakini mzizi wa gego dogo la kushoto ulikuwa bado umeegemea. Tulimweleza kwa picha, na safari hii alikubali waya wa juu peke yake, wenye brasi nyeupe za kauri, kwa miezi 6.

Jumla ilikuwa miezi 24, badala ya 11 tuliyohesabu. Meno ya juu yanatangulia ya chini kwa milimita 3. Kato zimefikia nyuzi 107, chini kidogo ya tulivyotaka. Magego yanagusana pande zote. Mwanya wake upo, milimita 1.5 ileile, na riteina yake, kile kifaa cha kushikilia meno baada ya matibabu, imetengenezwa kuulinda. Gharama ya alaina za pili ililipwa na kliniki, skrubu na waya tukagawana.

## Kilichosaidia, kilichoshindikana

Kilichookoa kisa hiki ni daftari na mfuko wa alaina za zamani. Bila hivyo ningeagiza alaina mpya za muundo uleule nikiamini tatizo ni chai, na zingejikunja vilevile. Tangu hapo hatumwambii mtu atupe alaina. Tunamwomba azihifadhi kwa namba, na kila miadi tunaziweka juu ya kioo pamoja na moja ambayo haijavaliwa. Haigharimu chochote na inachukua dakika mbili.

Kosa la muundo lilikuwa langu na la mafundi kwa pamoja: kuvuta meno sita kwa daraja tupu, kwa vinundu vidogo, huku tukiisoma skrini kana kwamba plastiki ni chuma. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulilinganisha meno ya mbele 401 ya wagonjwa 37 na yale yaliyoonyeshwa kwenye mpango wa kompyuta, ukakuta kwa wastani mwendo uliofikiwa ni asilimia 41 tu ya ulioahidiwa. Utafiti wa kufuatilia wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 50. Nilizijua tarakimu hizo kabla ya Dada N. Nilizichukulia kuwa za wagonjwa wasiovaa alaina zao.

Kosa la miadi lilikuwa la kuhurumia vibaya. Tulidhani tunampunguzia safari kwa kumwita kila wiki 8, na ndani ya wiki hizo alaina nne zilipita bila jicho. Kutoka nilipouona mwanga kwenye ya 8 hadi siku ya daftari ilikuwa miezi miwili na nusu. Picha kutoka mwaloni zingeweza kuanza siku ya kwanza, simu alikuwa nayo.

Na kuna lile la maneno yangu. Fomu yetu ya miadi ilikuwa na kisanduku cha "ushirikiano wa mgonjwa" na haikuwa na kisanduku cha hali ya alaina. Nikikuta nafasi kati ya jino na plastiki, fomu ilinielekeza kwa mtu kabla ya kifaa, nami nikaifuata. Sasa mpangilio umegeuzwa: kwanza picha ya alaina ikiwa mdomoni kutoka ubavuni, kisha alaina juu ya kioo, kisha vinundu, kisha ndipo saa za kuvaa. Swali la chai lipo bado, kwa sababu wapo wanaoziunguza kweli. Linakuja la mwisho, na linaulizwa mlango ukiwa umefungwa.

Gego dogo la kushoto tunaliangalia bado. Kwenye picha ya mwisho mzizi wake ulikuwa umeegemea nyuzi chache, na Dada N. atapanda kivuko tena baada ya miezi 3 tulipime.